Nani Atawafundisha Kuanguka?

Nyinyi wasichana mnaovaa suruali ya michezo chini ya sketi ili mama asijue mnakwenda wapi, na nyinyi vijana mnaotaka kuitwa makocha hata jasho halijawatoka, ketini hapa. Leo anazungumza mstaafu. Ndiyo, mimi. Nina mtoto wa miezi saba ambaye bado anatafuna ufizi, na tayari nimeshaagwa kwa keki.

Nilikuwa najua mtu hustaafu akiwa na mvi, magoti yakilia kama mlango usiopakwa mafuta. Mimi niliitwa kwenye lile darasa tunalotumia hapa Gesima, nikaambiwa njoo na mtoto, kuna shughuli ndogo. Nikafikiri wanamkaribisha mtoto. Kumbe wananitoa mimi. Nilipewa chupa ya chai, leso mbili, na keki iliyoandikwa “Asante Mama Brighton”. Yaani hata jina langu halikutosha juu ya keki! Miaka yote niliitwa Kocha Kerubo. Nilipojifungua tu, Kocha akafa, Kerubo akazikwa, akabaki Mama Brighton.

Mwenyekiti wa klabu alisimama akasema, “Mama Brighton ametufanyia kazi nzuri. Sasa apumzike, alee. Mwili wa mama si wa kutupwatupwa.” Watu wakapiga makofi. Nikapewa kisu, nikaikata ile keki kama mtu anayechinja.

Mtaniuliza, kwa nini hukumjibu palepale, wewe mwenye mdomo? Sikumjibu kwa sababu mwenyekiti ni baba mkwe wangu. Mgeni wa huku hajui hilo lina uzito gani, nitamweleza. Sisi tuna chinsoni, yaani heshima na haya kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto, na kati ya mkwe na mke wa mwanawe ndiyo kali kuliko zote. Simgusi. Simtajii mambo ya mwili. Sikai vibaya mbele yake. Na mieleka ni nini kama si kukaa vibaya mbele ya watu kwa ustadi? Kwa hivyo tangu niolewe, mzee akipita njia ya juu wakati wa mazoezi, alikohoa kutoka mbali, kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa, nami nikasimama, nikajifunga leso, nikawaambia wasichana tupumzike kidogo. Akishapita tunaendelea. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeumia. Mtu ambaye hajawahi kuniona nikifundisha hata mara moja ndiye aliyeamua kwamba nimemaliza kufundisha.

Haya. Kabla hamjasema nina uchungu tu wa kunyang'anywa filimbi, wacha niwaambie nilikoitoa hii kazi.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, kisha nikaenda chuo cha ufundi kujifunza ushonaji. Mieleka niliimaliza, ushonaji haukuisha. Siku moja nilikuwa natafuta ukumbi ambao tungepimiwa sare, nikafungua mlango usio wake, nikakuta wasichana wanabingirika chini, na mwanamume mnene mwenye masikio yaliyojikunja kama uyoga amesimama katikati yao. Huyo ndiye Mwalimu Makori. Alinitazama kuanzia miguuni.

“Wewe mwenye mabega, unaogopa nini hapo mlangoni?”

“Siogopi kitu.”

“Basi njoo ulale.”

Nikalala. Akaniambia inuka, anguka. Inuka, anguka. Nyuma, kando, mbele. Muhula ulikuwa unakwenda na sijamshika mtu hata kiuno. Nikamwendea nikiwa nimefura.

“Mwalimu, mimi nilikuja kupigana. Sikuja kulala.”

Akacheka hadi tumbo likatikisika. “Kupigana utafundishwa na hasira yako, naona unayo ya kutosha. Kuanguka hakuna atakayekufundisha ila mimi.”

Sikumwamini. Shindano langu la kwanza, msichana wa chuo kingine aliponivuta, nilisahau yote, nikatanguliza mkono chini kama fimbo ya mzee. Kifundo cha mkono kikateguka. Ndiyo maana nawaambia ushonaji haukuisha: kwa wiki nyingi sikuweza kushika sindano. Hadi leo kitufe cha shati la baba Brighton kikikatika, anakishona mwenyewe, na anakishona vizuri. Makori hakunigombeza. Alinifunga kitambaa, akasema, “Sasa umefundishwa mara mbili.”

Kwa hivyo sikilizeni vizuri, kwa sababu hili halina makofi na hakuna atakayewapigia picha mkilifanya. Ukirushwa nyuma, kidevu kishuke kifuani, kama mtu anayekitafuta kitovu chake. Kichwa kisifike chini. Mgongo upokee ukiwa mviringo, si ubao. Mkono usitangulie peke yake. Piga mkeka kwa mkono mzima, kuanzia kwapani hadi kiganjani, kwa mpigo mmoja, ule mlio wa mama anayekung'uta blanketi. Na hapohapo toa pumzi. Ukibana pumzi, mbavu ndizo zitakazolipa.

Mkishajua hilo, ndipo tuzungumzie kusimama. Msichana wa hapa nikimwambia shika mkao wa mieleka, ananikazia macho tu. Nikimwambia simama kama uko kwenye chai, mteremkoni, kikapu kimejaa mgongoni na usiku mvua ilinyesha, anasimama sawasawa bila kuguswa. Magoti yanajikunja yenyewe, makalio yanashuka, mguu mmoja unatangulia. Hakuna mchuma chai anayesimama na miguu iliyonyooka, ataviringika hadi mtoni. Mama zenu wamewaonyesha hilo tangu mkiwa migongoni mwao.

Na mikono. Ukimzunguka mwenzako, usifumanishe vidole. Vidole vilivyofumana ni kuni. Mwenzako akivuta, vinalia. Shika kiganja kwa kiganja, kidole gumba kilale pamoja na wenzake. Ukiingia kushika miguu yake, kichwa kikae ubavuni mwake, macho yaangalie juu. Anayeingia akiangalia chini anamkabidhi mwenzake shingo yake.

Mkeka wetu mnaujua. Magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, yakapangwa, na turubai juu yake. Wageni hucheka, wacha wacheke. Lakini nani kati yenu anajua kwamba magunia ya katikati lazima yafunguliwe na kuchambuliwa kila wiki? Pale tunapoangukia sana, majani hushikana yakawa magumu kama sakafu. Ukiangalia kwa macho, mkeka ni mmoja. Ukiangalia kwa mgongo, utajua. Nilikuwa nalichambua gunia la katikati mwenyewe, tumbo likiwa kubwa, nikikaa chini miguu wazi kama anayepepeta wimbi. Hilo halikutajwa siku ya keki.

Msifikiri mimi sijakosea. Nilipoanza kufundisha, kabla ya kuolewa, nilikuwa Ogembo, na wanafunzi walikuwa wachache, wavulana na wasichana pamoja. Siku moja nikampanga msichana mmoja na kijana wa uzito wake. Msichana akasimama kama mlingoti. Nikapuliza filimbi. Mlingoti. Nikamfokea, “Kwani umepandwa hapo?” Akaninong'oneza machozi yakimlengalenga, “Kocha, huyu ni baba yangu.” Kijana mwenyewe hata ndevu hana! Kumbe kwa ukoo, babu yao mmoja, huyo kijana anasimama upande wa baba yake. Chinsoni haiangalii ndevu. Nikawa nimemwambia mtoto amkumbatie baba yake kiunoni mbele ya watu. Tangu siku hiyo siwapangi wanafunzi kwa uzito kabla ya kuwauliza, nyumba yenu ni ipi, na huyu mnaitanaje? Kocha wa mahali pengine anahitaji mizani. Kocha wa huku anahitaji mizani na nyanya yake.

Sasa turudi kwa hasira yangu, sijamaliza.

Aliyewekwa mahali pangu anaitwa Momanyi, kijana wa Nyakoe. Si kijana mbaya, nasema wazi. Ana adabu, ana kifua, na ameshinda watu wengi. Alikuja na spika ya kucheza muziki, na siku ya kwanza tu akawaonyesha wasichana kubeba mtu kiunoni na kumrusha nyuma, juu ya kichwa. Siku ya kwanza! Wakapiga mayowe ya furaha. Kwangu walianguka hadi wakanichukia. Kwake waliruka. Hata mimi ningekuwa na miaka kumi na sita ningempenda yeye.

Halafu ikaja habari ya wageni. Kuna watu wa mjini waliosema watakuja Jumapili kuona klabu, na wakiridhika huenda watatusaidia kupata mkeka wa kweli. Wazee wa kamati hawakulala kwa furaha. Kukapangwa maonyesho. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama na nyumba za Wasabato hazijafunga kazi, nikakutana na Bosibori njiani. Bosibori ni mtoto wa kidato cha pili, mama yake anauza ndizi hapa sokoni. Mwepesi kama gunia tupu. Alijiunga nilipokuwa nimejifungua, kwa hivyo hakupita mikononi mwangu.

“Mama Brighton! Kocha amenichagua mimi! Mimi ndiye nitarushwa mbele ya wageni!”

“Umefundishwa kuanguka?”

“Amesema nijilegeze tu.”

Nijilegeze tu! Mwanangu mgongoni alishtuka akaanza kulia, maana nilipiga kelele ambayo sikujua iko ndani yangu. Mtu anayejilegeza anatupa kichwa nyuma. Na mtu anayerushwa juu ya kichwa cha mwenzake akatupa kichwa nyuma, shingo ndiyo inayofika kwanza. Shingo ya mtoto wa kike, mtoto wa mtu, ibebe uzito wake wote ili wazee wapewe mkeka?

Nilimwendea Momanyi. Akaniambia kwa upole, “Mama Brighton, usijali, ni mwepesi. Na magunia ni laini.” Nikamuuliza gunia la katikati lilichambuliwa lini. Akaniuliza, “Kuchambuliwa vipi?” Nikamwambia mume wangu, Evans. Akasema, “Mimi nimechoka, huyo ni baba yangu, utanitia aibu.” Nikamwambia mama mkwe, alikuwa akimenya ndizi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atamfikishia mzee. Alifikisha. Jibu lililorudi ni kwamba mwanamke akiwa na mtoto mchanga huona kaburi kila mahali.

Wasichana, hapo ndipo nilipoelewa walichonifanyia na ile keki. Mtu akishakuaga, unabaki kuwa mama mwenye woga, na hata ukiona shimo barabarani utaambiwa ni maziwa yanakusumbua. Kwani kunyonyesha kunaondoa akili? Makori alikuwa na watoto sita, mbona hakuna aliyemkatia keki?

Jumapili watu walijaa. Wageni waliketi upande mmoja. Safu ya mbele kwenye viti vya plastiki waliketi wazee, baba mkwe wangu katikati, na wenzake wa rika lake kushoto na kulia. Sisi wanawake tulikuwa kwenye nyasi. Momanyi akapuliza filimbi, muziki ukazimwa, akamwita Bosibori. Mtoto alikuwa amesukwa nywele upya, akatokea akitabasamu kwa meno yote. Momanyi akamzunguka kiunoni. Nikasimama, nikaenda hadi ukingo wa turubai, mtoto mgongoni.

“Momanyi, mweke chini.”

“Mama Brighton, tafadhali. Wageni wanaangalia.”

“Nao wanataka kuangalia shingo ikivunjika?”

Baba mkwe akasafisha koo. Hakunitazama, alitazama kofia yake. Akasema kwa mke wake, ambaye alikuwa mbali kuliko mimi, “Mama Evans, muulize mke wa Evans anataka nini.”

Mama mkwe akainuka kutoka kwenye nyasi, akakung'uta sketi. “Umeulizwa unataka nini.”

“Mama, mwambie Baba huyu mtoto hajui kuanguka.”

“Anasema mtoto hajui kuanguka.”

“Mwambie kwamba kijana ameshinda watu wengi,” mzee akajibu. “ Anajua kazi.”

“Anasema kijana anajua kazi.”

“Mama, mwambie kijana anajua kurusha. Ni nani aliyemwambia anajua kuanguka?”

“Anasema...” Mama mkwe akachoka. “Wewe si umesikia? Mko hatua tatu!”

Watu wakacheka. Wageni walikuwa wakigeuza vichwa huku na huku kama wanaotazama mpira. Baba mkwe naye akaudhika, nilijua kwa jinsi alivyoivua kofia na kuivaa tena.

“Mama Evans, mwambie kama kuna kuanguka kwingine tofauti na kule kunakojulikana na kila mlevi, basi aonyeshe.”

Nilikuwa nangoja neno hilo. “Mama, mwambie Baba nitaonyesha sasa hivi. Lakini siwezi kuonyesha akiwa ameketi pale.”

Hapo hata waliokuwa wakinunua njugu waliacha. Kila mtu wa hapa alielewa. Mzee akiondoka, ni kama amefukuzwa na mke wa mwanawe mbele ya wageni. Akibaki, nikapanda kwenye turubai, tumevunja chinsoni sisi wote wawili. Mimi nikifunga mdomo, Bosibori anarushwa. Niliona taya la mzee likitafuna hewa.

Akasimama. Nikajua anaenda nyumbani, na kwamba mimi usiku huo sitakuwa na amani kwenye boma lile. Akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza. Akaketi, mgongo kwetu, uso kwenye migomba ya jirani.

Sasa, wale wengine nao ni baba wakwe zangu, maana ni rika moja. Hawakuwa na la kufanya. Mmoja akageuza, wa pili akageuza, hadi safu nzima ya mbele, wageni upande wao hawajui kumetokea nini, ikawa migongo mitupu na makoti.

“Nimetoka nyumbani asubuhi kuja kutazama migomba?” mmoja akalalamika.

“Itazame tu,” mwenzake akamjibu. “Pengine utajifunza kupalilia.”

Nilimfungua mtoto, nikampa mama mkwe. Nikavua sketi, ndani nilikuwa na suruali, kwani mlidhani nilikuja kuuza sura? Nikakanyaga turubai. Katikati palikuwa pagumu kama nilivyojua, nikasogea kando.

“Nirushe mimi,” nikamwambia Momanyi.

“Mama Brighton, una mtoto mchanga.”

“Uliona nikikuomba ruhusa?”

Alinibeba. Ana nguvu, huyo kijana, sikatai. Nikaona mbingu, nikaona viatu vya wageni juu chini, kidevu kikashika kifua, mkono ukapiga turubai paaa! Mlio ulikwenda hadi barabarani.

Kutoka kwenye ile migongo sauti moja ikauliza, bila kugeuka, “Amekufa?”

“Amesimama!” wanawake wakajibu kwa pamoja.

“Tayari?”

“Tayari!”

“Tena,” nikamwambia Momanyi. Akanirusha tena, mara hii kwa hasira kidogo, nikasikia. Paaa! Nikasimama, nikajipangusa majani kwenye nywele. Kisha nikamwambia, “Sasa zamu yako. Nitakurusha polepole.”

Alinikaribia hadi nikasikia pumzi yake, akasema chini chini, “Kocha.” Alisema Kocha. “Kocha, mimi sijawahi kurushwa.”

“Hata siku moja?”

“Tangu nianze, mimi ndiye hurusha.”

Nililitazama lile jitu zima na nikakasirika upya, lakini si kwake. Kuna mtu alimwona kijana mwenye kifua, akaona vikombe, akamwacha apite hivyohivyo. Kisha watu walewale wakamkabidhi watoto. Angekuja siku moja kukutana na mwenye kifua kikubwa kuliko chake, na nyinyi mngemlilia.

“Basi waambie mwenyewe,” nikasema. “Mimi ni mstaafu.”

Akawageukia wageni. Alisema leo msichana hatarushwa, kwa sababu hajafundishwa kuanguka, na aliyepaswa kumfundisha hakufundishwa pia. Nawaambia, nimewaona watu wakishinda medali ambao hawangeweza kusema maneno hayo.

Sasa msitake hadithi imalizike kwa vigelegele. Wageni walikunywa soda, wakashukuru, wakaenda. Mkeka wao hatujauona, na kuna wazee wanaosema hadi leo kwamba ni mimi niliyeufukuza. Siku mbili baadaye mama mkwe akaja na ujumbe. “Baba anasema unaweza kurudi kusaidia.”

“Mama, mwambie mimi sisaidii. Mimi nafundisha.”

Akaenda, akarudi akihema, maana kuna kilima. “Anauliza unataka nini.”

“Nataka asiinuliwe mtoto yeyote kutoka chini mpaka mimi niseme anajua kuanguka. Momanyi abaki na filimbi na spika yake, sina haja nayo. Na Momanyi mwenyewe aje alale chini na watoto.”

Hilo la mwisho mama mkwe alilifikisha akicheka, najua. Jibu halikuja kwa maneno. Lakini Jumatano Momanyi alifika mapema, akavua viatu, akalala kwenye turubai kati ya wasichana wa kidato cha kwanza, miguu yake ikipita nje ya mkeka. Anaanguka kama kabati. Tutafika.

Sijarudishiwa jina kwenye ubao wa kamati, na bado nina hasira. Sitaki mniambie nitulie. Nyinyi mnaokuja nyuma, siku mtakapobeba mimba, watakuja kwenu pia na keki na maneno laini. Kuleni keki. Kisha ulizeni, kwa sauti, kazi yangu mnampa nani, na anajua nini? Mkiulizia njiani mkirudi nyumbani kama nilivyofanya mimi, mtakuwa mmechelewa, na kuna mtoto wa mtu ameshachaguliwa.

Bosibori hakunisamehe. Siku ile, wageni wakiwa bado kwenye soda, alinijia macho mekundu. “Nilikuwa nimesuka nywele kwa ajili ya leo! Umeniharibia!” Angeninunia maisha yake yote kwa shingo nzima, ni sawa. Wiki nzima akiniona sokoni alijificha nyuma ya ndizi za mama yake.

Juzi jioni nilikuwa peke yangu nikichambua gunia, mtoto amelala kando kwenye leso. Nikasikia miguu. Alikuwa yeye, mikono kifuani, midomo imevimba.

“Nionyeshe ile ya nyuma.”

“Nisalimie kwanza.”

Hakunisalimia. Alipita, akapanda kwenye turubai, akakunja kidevu, akajitupa. Bega la kushoto lilitangulia na mlio ulikuwa mbaya kabisa. Akainuka kabla sijafungua mdomo, akajitupa tena.